Kochi Lililokosa Mlango

Siku ya kuhama niliamka kabla ya mtu mwingine nyumbani, nikalitoa kochi langu sebuleni, nikalipakia kwenye pikapu pamoja na takataka, nikalifunga kamba kwa hasira. Kisha nikasimama pembeni, mikono kiunoni, nikisubiri mtu aniulize ninafanya nini. Hakuna aliyeuliza. Aliyenisaidia kulibeba ni dereva wa pikapu, ambaye sisi humwita Chapchap kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake, na yeye alichotaka kujua ni kama kuna chai.

Mimi ni fundi wa makochi. Kazi hii nilifundishwa na Mzee, kwenye karakana yake iliyoshikana na nyumba yake. Nilifika pale nikiwa binti asiyejua hata kushika ile sindano yetu iliyopinda, nikaomba kibarua cha kushona mito, nikaambiwa nilale siku mbili tatu mpaka nipate chumba. Chumba sijakipata mpaka leo, maana sikukitafuta. Mkewe Mzee, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyenibandika jina la Sindano. Watu walidhani amelitoa kwenye kazi yangu. Mwenyewe alisema amelitoa kwenye mdomo wangu.

Kati ya nyumba na karakana palikuwa na ukuta, lakini ulikuwa ukuta wa heshima tu. Vumbi la sponji lilitukuta mezani, na vijiko vya jikoni vilikutwa kwenye makopo ya gundi. Kochi likikamilika lilihamishiwa sebuleni lisipate vumbi, nasi tukalikalia mpaka mwenyewe aje kulichukua. Mgeni akija leo anakuta kochi la kijani, akirudi wiki ijayo anakuta la zambarau, anakwenda kutangaza mtaani kwamba tuna pesa za kuchezea. Mara nyingine mwenye kochi alifika tukiwa tunakunywa chai. Tulinyanyuka na vikombe mkononi, kochi likabebwa, tukamalizia chai tumesimama.

Kochi moja tu halikuondoka, na halikuondoka kwa kosa la Mzee mwenyewe. Wiki ile niliyofika mvua ilikuwa haikatiki na paa la karakana linavuja, basi Mzee akaamua kazi ya mteja mmoja aifanyie sebuleni. Lilikuwa kochi refu la watu wanne. Akapiga fremu, akafunga mikanda, akapanga springi, akalivalisha kitambaa cha rangi ya udongo, kazi safi ajabu. Mteja alipokuja na wabebaji wake ndipo ikajulikana kwamba fundi mkuu hakuupima mlango. Walilijaribu kwa wima, wakalijaribu kwa ubavu, wakaligeuza miguu juu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Fundi mwingine yeyote angechukua msumeno akakata fremu, akaja kuiunga nje. Mzee aliliangalia kochi, akaniangalia mimi niliyekuwa nimejibanza pembeni na kifurushi changu, akamwambia mteja kwamba atamtengenezea lingine. Kochi lilikuwa limekosa mlango, mimi nilikuwa nimekosa pa kulala, tukakutana hapo.

Tangu siku ile lile ndilo kitanda changu. Mama alipougua alipenda kujilaza hapo mchana, nikimshonea mito ya kila saizi ya kumwegemeza, na alipotutoka nililala kwenye kochi hilo miezi mingi nikisikia bado harufu ya mafuta yake ya mgongo. Kitambaa nimekibadilisha mara kadhaa, kila mara rangi ya udongo. Fremu ni ileile.

Sasa mwenye nyumba aliamua kubomoa ili ajenge ghorofa. Mafundi wake walikuwa wamekwishang'oa milango, madirisha na fremu zake, nyumba imebaki na matundu. Ndiyo maana kochi liliweza kutoka siku ile, kwa mara ya kwanza. Dada, binti wa Mzee wa kumzaa, alikuwa amesema zamani kwamba baba yake atahamia kwake, na hilo nililifurahia kwa moyo mweupe, kwa kuwa magoti ya Mzee yamechoka na karakana haiwezi tena. Lakini kuhusu mimi hakuna aliyetamka neno. Si Dada, si Mzee. Wiki zilipita, vitu vikafungwa kwenye maboksi, ikawa wanajadili sufuria ipi iende na ipi ibaki, na mimi niko palepale nashika gundi ya karatasi ya kufungia maboksi.

Nami nikajiapiza kwamba sitauliza. Nikiuliza nitajibiwa kwa huruma, na huruma mimi sikuitaka. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama katika ile familia nimo au simo. Rafiki yangu muuza vitambaa alikuwa amenipa kona nyumbani kwake, begi langu lilikuwa tayari, lakini kichwa kilikuwa hakitulii. Ndipo nikapata wazo la kochi. Nilisema moyoni, ngoja Mzee alione linakwenda dampo. Akilipigania, nitajua. Akinyamaza, nitajua pia.

Mzee alikuwa bado anaoga simu yake ilipolia. Nikapokea. Alikuwa Dada, na nyuma yake kulikuwa na kelele za nyundo na za watoto.

"Sindano, mwambie Mzee sementi bado mbichi," alisema. "Msifike kabla ya alasiri."

"Sementi ya nini?"

"Yeye anajua. Ngoja nikimbie, huyu mdogo amekanyaga ndoo."

Akakata. Nikakisia kwamba wanamjengea Mzee ngazi za chini chini pale mlangoni, kwa ajili ya magoti. Nikaona sawa, magoti yamefikiriwa mpaka yakamwagiwa sementi, mimi mwenye miguu mizima nitajijua.

Mzee akatoka amevaa shati lake jeupe lililopigwa pasi, utadhani tunakwenda kuposa. Akaizunguka pikapu polepole kwa fimbo yake. Akaliona kochi, maana lilikuwa juu ya kila kitu na hakuna namna ya kutoliona.  Akanyoosha mkono, akaligusa fundo la kamba.

"Hili litalegea njiani," akasema. "Likaze."

Halafu akapanda mbele, akaomba Chapchap ashushe kioo. Nililikaza lile fundo mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nimepata jibu langu, na nilinywea kabisa.

Njia nzima Mzee alikuwa anaimba chini chini, na mimi nimebanwa kati yake na dereva, nimenuna, natazama mbele. Chapchap aliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Tulijua tumekaribia dampo kabla ya kuliona, harufu ilitupokea kwenye kona. Kisha likatokea lenyewe, mlima wa rangi zote umekaa nyuma ya seng'enge, moshi mwembamba upande mmoja, ndege wakubwa weupe upande wa pili, na trekta la minyororo likisukuma udongo juu ya taka za jana.

Getini palikuwa na bamba la chuma la kupimia magari, na juu yake amesimama mwanamke mmoja mpana, kofia ya majani, buti za mpira, filimbi shingoni. Wote walimwita Mama Mizani.

"Mmebeba nini?" akauliza.

"Takataka," nikasema.

"Hilo nimeliona. Za nyumbani au za biashara?"

"Zote."

"Hapa hakuna zote. Za nyumbani kushoto, za biashara kulia. Za biashara lazima nizikague, mwezi uliopita fundi mmoja alimwaga makopo ya gundi na nusu ya dampo ikawaka. Pangeni upya."

Kupanga upya ilikuwa kazi, kwa sababu Chapchap alikuwa amepakia alivyozoea, kila kitu juu ya kila kitu. Tukashusha, na Mama Mizani akawa anaonyesha kwa kidole kimoja baada ya kingine.

"Ndoo hii?"

"Ya kuogea," nikasema.

"Mbona ina gundi?"

"Na gundi tuliikorogea humo."

Akaguna. "Haya, meza hii?"

"Ya kukatia vitambaa," Mzee akajibu akiwa dirishani.

"Kwa hiyo ya biashara."

"Na tulilia chakula hapo."

"Kwa hiyo ya nyumbani."

"Kwa wakati mmoja," Mzee akasema, bila haya hata kidogo. "Ukitaka chumvi unasogeza mkasi."

Pazia lilikuwa limeungwa kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Mkeka ulikuwa na misumari midogo iliyozama ndani, na kigoda cha Mama kilikuwa kimekaliwa na kila mteja aliyewahi kuja kubishana. Mama Mizani alivua kofia akajipepea.

"Nyie watu," akasema, "mlikuwa mnaishi wapi hasa?"

"Hapohapo katikati," nikamjibu.

Akacheka, akaanza kutupendelea. Meza kulia, ndoo kulia, pazia kushoto, kigoda kushoto. Ndipo akafika kwenye kochi, ambalo tulikuwa tumeliegesha kando ya bamba.

"Na hili?"

Nilimgeukia Mzee. Nilipaza sauti kusudi, nikatamka neno moja moja, asije akasingizia masikio.

"Mzee. Kochi hili tuliweke wapi?"

Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua hata kichwa vizuri.

"Usilichanganye na vitu vya karakana," akasema. "Litachafuka gundi."

Nikamwambia Mama Mizani aliandike la kushoto. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Yule mama aliniangalia kidogo, akataka kusema kitu, akaona gari lingine limeingia nyuma yetu, akapuliza filimbi tupite.

Kulia tulimaliza upesi. Waokotaji wa pale, wenye fimbo zao za chuma zilizopinda ncha, walipokea springi kabla hazijagusa ardhi, na magunia ya sponji wakayaweka kando. Mzee aliaga kila fremu kwa jina la aliyekuwa mwenyewe. Hii ya mwalimu mkuu, aliyekuwa anatikisa mguu mpaka mikanda ikakatika. Ile ya bibi harusi aliyetaka kochi jeupe, tukamkataza, akalilia, tukamtengenezea, akarudi kulilia tena baada ya mtoto wa kwanza. Siku nyingine ningecheka na kumkumbusha alipokosea. Siku ile nilikuwa narusha tu.

Kushoto ndiko kulikokuwa na tope. Chapchap alirudisha gari nyuma, inchi kwa inchi, hadi karibu na ukingo ambapo trekta lilikuwa linasukumia. Tukashusha pazia, mkeka, kigoda cha Mama kisicho na mguu mmoja. Kikabaki kile kimoja. Chapchap akalegeza kamba, nikashika upande mmoja mwenyewe kwa hasira zangu, tukaliteremsha. Likatua juu ya udongo, zito, zuri, la rangi ya udongo juu ya udongo.

Mwokotaji mmoja alikuwa amekwishalifuata. Mwanamke wa rika langu, kitambaa kichwani, glavu zisizofanana, springi zetu zimening'inia kwenye fimbo yake. Alilibonyeza kiti, akalibonyeza mgongo, akainama kuchungulia chini. Nilimheshimu papo hapo, maana watu wengi huangalia kitambaa tu.

"Dada, hili ni zima," akasema. "Mnalitupa kweli? Nipe mimi, nyumbani kwangu tunakaa kwenye ndoo."

Nilitazama gari. Mzee alikuwa bado na chungwa lake.

"Chukua," nikasema.

Mlango wa pikapu ulifunguka. Ukatoka mguu mmoja, ikatoka fimbo, ukatoka mguu wa pili. Mzee akaja kupitia lile tope na viatu vyake vya safari, magoti yanamkataa kila hatua, shati jeupe, mdomo umekaza. Nikamkimbilia kumshika mkono, akaniondoa. Alifika kwenye kochi, akageuka, akajiachia akakaa katikati yake, akaiweka fimbo magotini.

"Mzee, hapa si pa kukaa," nikasema. "Trekta linataka kupita."

"Lizunguke."

Trekta likapiga honi. Mzee akalinyooshea mkono kama anayesimamisha ng'ombe, na dereva wake, sijui kwa nini, akalisimamisha.

"Unamgawia mtu kochi lako?" Mzee akaniuliza.

"Si tunalitupa?"

"Nani amesema tunalitupa?"

"Mzee, limo garini tangu asubuhi, umeliona kwa macho yako, hukusema neno."

"Nilisema. Nilikuambia ukaze kamba. Wewe umeona wapi mtu anahangaika na kamba ya kitu anachokwenda kukitupa?" Alikuwa ameanza kupandisha. "Nilijua tunamwaga huu uchafu, tukimaliza tunapitiliza kwa dada yako. Umenitia kichaa, nakuona unalishusha, nikasema labda analipangusa. Sasa ukiligawa, kesho utalala juu ya nini?"

"Hilo ndilo nisilolijua," nikasema. "Kesho nitalala wapi, na mimi ni nani wenu, sijui. Wiki zote hizi mmejadili mpaka sufuria. Mimi hakuna aliyenitaja."

 Yule mwanamke wa glavu akarudi nyuma hatua moja kwa adabu, lakini hakwenda mbali.

"Dada yako hajakuambia?" Mzee akauliza polepole.

"Aniambie nini?"

Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie, mpaka Chapchap.

"Wewe," akamwambia Dada, "yale mambo ya Sindano hukumwambia?"

"Mambo yapi?"

"Ya kuhamia kwako."

"Mimi?" Nyundo kule nyuma zikatulia. "Baba, si ulisema niachie, utamwambia mwenyewe? Ulisema ni mtu wako."

"Nilisema hivyo siku ile. Baadaye nikaona mnaongea kwenye simu, nikajua mmeshamalizana wanawake."

"Tulikuwa tunaongea habari za sufuria, Baba."

Dereva wa trekta akazima injini.

"Sindano yuko hapo?" Dada akauliza.

"Nipo."

"Kwani wewe ulikuwa unafikiri unakwenda wapi?"

"Kwa rafiki yangu. Yule wa vitambaa."

"Rafiki gani?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Nimepaka rangi chumba chako tangu wiki iliyopita, nimekesha na harufu. Hawa watoto kila siku wananiuliza mama mdogo anakuja lini, mama mdogo anakuja lini, wamenichosha. Halafu unaniambia rafiki. Njoo huku nikuseme vizuri."

Mama mdogo. Walikuwa wananiita hivyo tangu walipojua kusema, na mimi nilikuwa nikiitika bila kufikiri, nikidhani ni adabu waliyofundishwa kumwita kila mwanamke anayeshinda kwa babu yao. Nilikaa chini. Pa kukaa palikuwa pamoja tu, kando ya Mzee, na hapo nikalia. Sitasema kitu kiliniingia jichoni, ingawa kwenye dampo sababu hizo zimejaa tele. Nililia kwa furaha na kwa aibu na kwa zile wiki zote nilizonuna bure, nikijipikia hasira na kuila peke yangu, wakati chumba kinapakwa rangi.

Mzee hakunitazama. Aliinamia mkono wa kochi, akawa anaukagua mshono kwa kidole gumba, kazi ya mtu asiyejua ayaweke wapi macho.

"Huu umevuta kidogo," akasema baada ya muda.

"Haujavuta."

"Umevuta."

"Mzee, huo mshono niliushona mimi na haujavuta."

"Haya," akasema, na sauti yake nayo haikuwa imara. "Mdomo umerudi. Tunaweza kuondoka."

Yule mwanamke akakohoa. "Kwa hiyo kochi silipati," akasema, bila ubaya, kama anayejiandikia.

Tulicheka wote watatu, na Chapchap akacheka akiwa amechelewa. Nikamwambia kule kulia kuna magunia ya sponji, mawili ya juu ni masafi, awahi kabla wenzake hawajayafungua. Kisha nikamwelekeza nyumbani kwa Dada, barabara ya pili baada ya shule, nyumba ya kona, na nikamwambia atafute fremu yoyote ambayo mbao zake hazijaoza, aje nayo.

"Nitakuvalishia," nikasema. "Springi umeshaokota mwenyewe. Usikae kwenye ndoo."

"Kweli?"

"Huyu ana mdomo mbaya," Mzee akamwambia, "lakini akisema atashona, anashona."

Akatusaidia kulipandisha. Safari hii nililifunga kwa utulivu, fundo baada ya fundo, na Mzee alipotaka kukagua nikamwambia apande gari. Getini Mama Mizani akatusimamisha tena juu ya bamba lake, maana gari hupimwa kuingia na hupimwa kutoka.

"Watu huja hapa kuacha," akasema, akilitazama kochi. "Nyie mbona mnaondoka nalo?"

"Lilipanda kwa makosa," nikasema.

"Nilitaka kukuambia," akajibu. "Uso wako haukuwa uso wa mtu anayetupa." Akatupulizia filimbi.

Tulifika kwa Dada alasiri, na kwa kuwa dereva ni Chapchap, sementi ilikuwa imepata muda wa kutosha. Nilitafuta zile ngazi za magoti nisizione. Nilichokiona ni mlango wa mbele, au tuseme mahali pake. Fremu ya zamani ilikuwa imeegeshwa kwenye ua. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa umevunjwa na kupigwa lipu upya kuanzia chini hadi juu, bado ina ile rangi nzito ya maji. Shemeji, mume wa Dada, alikuwa amesimama kando na mwiko mkononi, nywele zote nyeupe kwa vumbi.

"Karibu, shemeji," akaniambia. "Baba yenu amenivunjisha nyumba. Nilimwambia Mzee, kochi linakatwa, linaungwa, yeye mwenyewe ni fundi. Akasema hilo halikatwi."

Ndipo nikakumbuka siku ile Mzee alipoaga kwamba anakwenda kuonyesha magoti hospitali, akatoka na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni. Nilimcheka moyoni, nikasema uzee umeingia, amesahau kuivua. Kumbe alikuwa amekuja huku. Dada alinieleza baadaye jinsi alivyopima ukuta wa chumba changu kwanza, akaona kochi linaenea, akakunja futi, akafika mpaka barabarani, kisha akasimama, akacheka peke yake, akarudi kuupima mlango.

Dada alitoka mbio, akanikumbatia, akanipiga begani, akanikumbatia tena. Watoto wakadandia kochi kabla halijashuka, wakafukuzwa, wakadandia tena. Shemeji na Chapchap wakashika mbele, mimi na Dada nyuma. Mzee akasimama ndani kabisa ya ule uwazi, akiegemea fimbo, akiangalia pembe ya kulia na pembe ya kushoto. Nilisubiri ligonge, maana kochi lile nilikuwa sijawahi kuliona likipita mlango wowote, ukiacha lile tundu la asubuhi. Likaingia limelala vilevile lilivyo, bila kugeuzwa ubavu, bila kugusa lipu mbichi, na kila upande pakabaki nafasi ya kiganja.

Tukalipitisha mlango wa chumba changu, nao umepanuliwa vilevile, tukaliweka ukutani kwangu. Liliishia sentimita chache kabla ya dirisha. Nikageuka kumtafuta Mzee, nikamkuta bado mlangoni, amejitundika ile futi shingoni, anapapasa ukingo mpya wa ukuta taratibu, asiharibu.

"Safari hii," akasema bila haya, "nilianza na mlango."